Memphis: nyimbo zilizaliwa hapa, hati zikasainiwa kwingine (uzi mrefu, chukua kahawa)

Dereva wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa West Memphis, jimbo la Arkansas, ng'ambo ya mto Mississippi, ndani ya kichwa cha lori, nasubiri mzigo ambao tangu asubuhi naambiwa "bado kidogo". Mliowahi kuendesha barabara ya 40 mnapajua hapa. Unajaza dizeli, unaoga, unakunywa kahawa chungu, unalala, unaondoka. Nami nimepita hivyo hivyo miaka karibu sita bila kujua kwamba kwenye hiki kimji cha malori kulikuwa na kituo cha redio, KWEM, ambako mwimbaji wa blues Howlin' Wolf alikuwa akipiga moja kwa moja hewani kabla dunia haijamjua.

Jana nilichoka kukaa. Nikaliacha lori, nikavuka daraja kwa teksi hadi Memphis yenyewe, nikashukia Beale Street, mtaa wake wa muziki. Taa za rangi kila mahali, watalii, harufu ya nyama ya nguruwe ya moshi. Nikaingia baa mojawapo, kiingilio dola 10. Jukwaani mzee mmoja, gitaa jekundu, viatu vinang'aa kuliko nilivyovaa siku ya harusi yangu. Miguuni kwake kuna ndoo ya plastiki, ile ya rangi za ukutani, ndani yake noti chache. Basi nikafanya kama tunavyofanya kwenye taarabu: nikainuka, nikaenda kumtunza dola 5. Alipopumzika nikamuuliza, ile dola 10 ya mlangoni, wewe humo unapata ngapi? Akacheka. Akaisukuma ile ndoo kwa ncha ya kiatu mpaka ikagota kwenye mguu wangu. Jibu likawa hilo.

Nimelala nayo hiyo ndoo. Leo nataka niwape Memphis kama ninavyoielewa mimi baada ya miaka ya kusoma na kusikiliza barabarani: mji ambao muziki umezaliwa ndani yake mara tatu au nne, na kila mara karatasi za kuumiliki zimeishia kwa mtu mwingine. Sitafuata mpangilio wa darasani. Naandika mzigo ukiniruhusu.

Binti Ngamiani

Nimeweka kambi. Ila usituache njiani kama ule uzi wako wa Alaska, tulibaki kwenye theluji hadi leo.

Dereva wa Usiku

Hahaha, Alaska nilikosa mtandao, mama.

Tuanze na mji wenyewe maana bila hapo hamtaelewa kwa nini Beale. Mwaka 1878 homa ya manjano iliua zaidi ya watu 5,000 Memphis. Wenye uwezo walikimbia, mji ukafilisika, mwaka uliofuata ukavuliwa hata hadhi ya kuwa mji. Wakati watu wanauza nyumba kwa bei ya kutupa, mtu mmoja alikuwa ananunua: Robert Church, aliyezaliwa utumwani. Mji ulipotaka kurudishiwa hadhi yake, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kununua hati ya mkopo, dola 1,000. Mwaka 1899 akafungua bustani na ukumbi wake Beale Street, kwa sababu bustani za mji Wamarekani weusi hawakuruhusiwa kukanyaga. Kwa hiyo Beale ilikuwa ya watu weusi kwa maana ya hati za nyumba pia: benki, madaktari, wapiga picha, magazeti, makanisa. Na kamari, na madanguro, tusidanganyane.

Humo ndimo alimoingia W. C. Handy. Huyu hakuwa mtoto wa mtaani. Baba yake alikuwa mchungaji kule Florence, Alabama. Handy alipokuwa mdogo alidunduliza hela akanunua gitaa, baba akaliita chombo cha shetani, akamwamuru alirudishe dukani akabadilishe na kamusi. Kamusi! Akakua akawa mpiga tarumbeta anayesoma nota, kiongozi wa bendi yenye sare. Kama mwaka 1903 hivi, alikuwa stesheni ya Tutwiler, Mississippi, treni imechelewa, amesinzia. Akazinduliwa na mtu aliyechakaa nguo, anatelezesha kisu juu ya nyuzi za gitaa na kurudia mstari mmoja mara tatu, kuhusu mahali reli mbili zinapokutana. Handy mwenyewe alisimulia kwamba hakuwahi kusikia muziki wa ajabu namna ile.

Mwaka 1909 yuko Memphis. Kuna uchaguzi wa meya, bendi zinakodiwa kupigia kampeni, yeye anakodiwa upande wa E. H. Crump. Anatunga kipande, watu wanacheza barabarani, huku maneno yake yakimkejeli huyo huyo mgombea anayempigia kampeni. Crump akashinda, akaja kuushika mji ule kwa miongo. Kile kipande kikachapwa mwaka 1912 kwa jina la "The Memphis Blues". Handy, akiwa hana pesa, akauza haki zake zote kwa dola 50.

Hamsini. Wimbo ukaenea Marekani nzima na yeye anausikia kama mpita njia. Ilibidi asubiri miaka 28, hadi muda wa hakimiliki ulipokwisha, ndipo ukarudi mikononi mwake. Somo alilipata lakini: "St. Louis Blues" ya 1914 aliichapisha kwenye kampuni yake mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyomlisha maisha yote. Ila hata kampuni hiyo aliihamishia New York mwaka 1918.

Kasuku Mweusi

Mkuu ngoja kwanza. Kwa hiyo huyu anaitwa Baba wa Blues na aliisikia kwa mtu stesheni? Na huyo wa stesheni jina lake nani?

Dereva wa Usiku

Hakuna anayelijua. Handy hakumuuliza, au hakuliandika. Na hilo jina la "baba" alijipa mwenyewe kwenye kitabu chake cha mwaka 1941, ingawa humo humo anakiri alikoisikia. Mimi simbezi. Aliandika kwenye karatasi kitu ambacho wengine walikuwa wanakipiga tu, na Marekani ile bila karatasi ulikuwa huna kitu. Lakini kila nikipita njia ya kuelekea Tutwiler namfikiria yule mwenye kisu.

Mwanakwerekwe

Tuelewesheni sisi wa taarabu. Blues ni nini hasa? Huzuni tu?

Fundi Redio

Nidakie hapo. Umbo lake ni jepesi kuliko shairi letu. Beti moja ina mistari mitatu. Wa kwanza unasema jambo. Wa pili unalirudia, pengine na "ee" mbele. Wa tatu unalijibu, na unafunga kina. Kila mstari una hesabu nne za mapigo manne manne, lakini sauti haimalizi nafasi yote, inakoma katikati, na sehemu inayobaki gitaa linajibu. Ni mazungumzo ya mtu na gitaa lake. Chukua hali ya mwenye uzi:

Mzigo wangu haujaja, na dizeli imekwisha,
Ee mzigo wangu haujaja, na dizeli imekwisha,
Bosi kutwa anapiga simu, anasema namchosha.

Kuurudia mstari wa kwanza kunampa mwimbaji muda wa kuutafuta wa tatu, ndiyo maana wengi walikuwa wanatunga papo hapo. Na kuna zile noti zinazopindwa, haziko juu wala chini, zinakaa katikati ya funguo mbili za kinanda. Kwa piano huzipati. Kwa gitaa unavuta uzi, au unatelezesha kisu au shingo ya chupa. Huzuni ipo, lakini nyingi ni za utani, matusi ya fumbo na kusutana. Mtu wa taarabu ataelewa haraka sana.

Dereva wa Usiku

Fundi, huo wimbo wangu nitakudai mrabaha.

Nije kwenye kipindi ninachokipenda mimi kuliko vyote, na ambacho watalii wa Beale hawakijui: bendi za mitungi. Hawa hawakuwa na pesa za vyombo. Besi yao ni mtungi wa udongo wa pombe. Huupulizi kama filimbi. Unaweka midomo karibu na mdomo wa mtungi bila kuugusa, unaitetemesha kama unayeiga pikipiki, na ule mlio unaingia ndani ya tumbo la mtungi unarudi mnene. Ukiusogeza karibu au mbali, sauti inapanda na kushuka. Wengine walifanya besi kwa karai la kufulia lililofunikwa chini, mpini wa fagio na kamba moja. Ubao wa kufulia nguo unakwaruzwa kwa kastabini za kushonea. Juu yake gitaa, banjo, harmonika. Will Shade na Memphis Jug Band yake walirekodiwa na kampuni ya Victor mwaka 1927, kampuni iliyokuja na mashine zake, ikarekodi, ikaondoka nazo.

Mwingine ni Gus Cannon, mzaliwa wa Mississippi, ambaye banjo yake ya kwanza alijitengenezea kwa sufuria. Mtungi alikuwa akiufunga shingoni ili apige banjo na mtungi kwa wakati mmoja. Mwaka 1929 alirekodi "Walk Right In". Ikaja mdororo wa uchumi, santuri zikaacha kuuzwa, mambo yakaisha, akawa mtunza bustani za watu. Miaka 34 baadaye, mwaka 1963, kikundi cha vijana wa kizungu, Rooftop Singers, wakauimba ule ule na ukashika namba moja Marekani. Cannon alikuwa na karibu miaka 80. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba wakati wimbo unapigwa kila redio, banjo yake ilikuwa bondi. Aliiweka apate pesa ya makaa ya kuotea moto.

Halafu Furry Lewis. Akiwa kijana alidandia treni ya mizigo, mguu ukakatika. Alirekodi mwishoni mwa miaka ya 1920, pesa haikuonekana, basi akaendelea na kazi yake ya manispaa: kufagia mitaa ya Memphis, kwa mguu wa bandia, zaidi ya miaka 40. Alifagia mbele ya zile zile baa alizowahi kupigia. Mwaka 1959 mtafiti mmoja akaja kumtafuta, akamkuta yupo, anafagia, na vidole bado vinajua. Mwaka 1975 Rolling Stones walipokuja kupiga Memphis, yule mzee aliwafungulia jukwaa.

Binti Ngamiani

Wanaume watupu hapa. Wanawake hawakuwepo?

Dereva wa Usiku

Nilikuwa nakuja. Memphis Minnie, jina halisi Lizzie Douglas, mzaliwa wa 1897. Alitoroka kwao na miaka 13 akaja kulala Beale Street. Gitaa alilipiga kiasi kwamba wanaume walikuwa hawataki kushindana naye. Yeye na mumewe Kansas Joe walikuwa wakipiga kwenye duka la kinyozi kwa sarafu za kutupiwa, ndiko walikosikiwa na mtu wa kampuni ya santuri, mwaka 1929. Mwaka huo huo wakarekodi wimbo kuhusu mafuriko makubwa ya Mississippi ya 1927, na mwaka 1971 Led Zeppelin wakaugeuza kuwa mali ya dunia nzima. Minnie wakati huo yuko Memphis, amepigwa na kiharusi, hawezi kushika gitaa. Alifariki mwaka 1973. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 1996, mwimbaji Bonnie Raitt alipolilipia.

Kasuku Mweusi

Hizi habari zinauma. Sisi nasi bendi zetu za dansi zilirekodi pale Radio Tanzania, nyimbo zikabaki kwenye kanda za redio na wazee wakabaki na sifa. Endelea.

Dereva wa Usiku

Redio ndiyo ninayokuja nayo, na kwenye redio Memphis ilifanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika.

WDIA ilianza mwaka 1947, wenyewe wazungu wawili, na ilikuwa inakufa kwa kukosa matangazo. Oktoba 1948 wakajaribu kumweka hewani Nat D. Williams, mwalimu wa historia wa sekondari ya Booker T. Washington, mtu mweusi. Siku ya kwanza kipaza sauti kilipowashwa, maneno yote yakamtoka kichwani. Akaangua kicheko. Kicheko kile kikawa alama yake maisha yote. Ndani ya mwaka mmoja hivi kituo kizima kikawa na vipindi vya watu weusi, cha kwanza Marekani, na mwaka 1954 kikapata nguvu ya wati 50,000, kikawa kinasikika mashamba yote ya pamba kushuka hadi Ghuba ya Mexico. Fikirieni mtu anavuna pamba ya bwana fulani Mississippi, jioni anafungua redio anasikia mtu wa rangi yake anaongea kama anavyoongea yeye.

Mwishoni mwa 1948 kijana mmoja dereva wa trekta kutoka Mississippi aliingia pale na gitaa. (Dereva! Mtaona madereva wengi kwenye huu uzi, si bahati mbaya.) Riley King. Wakampa dakika 10 za kuimba na kutangaza Pepticon, dawa ya kuongeza nguvu ambayo siri ya nguvu zake ilikuwa kilevi kilichomo. Wakamwita kijana wa blues wa Beale Street, jina likafupishwa hadi herufi mbili: B.B. Wimbo wake wa kwanza mkubwa ulirekodiwa ndani ya jengo la YMCA la Memphis mwaka 1951. Mwaka 1956 alipiga maonyesho 342. Hesabu mwenyewe siku alizolala nyumbani.

Kijana wa Katuba

Jambo kwenu wote, mie niko Lubumbashi. Huyo B.B. King alifika kwetu. Septemba 1974, Kinshasa, tamasha la siku tatu lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Ali na Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja. B.B. King jukwaa moja na James Brown, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley, uwanja wa 20 Mei. Ipo kwenye filamu, utamuona na Lucille, gitaa lake, anakunja uso. Wazee hapa wanabishana hadi leo: gitaa la Franco au lile? Mie naona Franco alikuwa anachezesha watu, yule Mmarekani alikuwa anaongea na watu.

Dereva wa Usiku

Asante sana ndugu yangu, hilo la "anaongea" naliiba. B.B. mwenyewe alisema hawezi kuimba na kupiga kwa pamoja. Ukimsikiliza ni kweli, sauti ikinyamaza ndipo Lucille anafungua mdomo. Ndiyo yale mazungumzo ya Fundi.

Kuhusu jina Lucille, kwa wasiojua: mwaka 1949 alikuwa akipiga kwenye kilabu kimoja Twist, hapa hapa Arkansas, upande wangu huu wa mto. Baridi. Katikati ya ukumbi kuna pipa la mafuta ya taa linawaka la kuotea joto. Wanaume wawili wakapigana, pipa likapinduka, jengo likashika moto. Akatoka nje, akakumbuka gitaa, akarudi ndani kulichukua, akanusurika. Kesho yake akaambiwa wale walikuwa wanamgombea mwanamke anaitwa Lucille.

Mwanakwerekwe

Na Elvis mbona humtaji? Memphis si ndiye?

Kasuku Mweusi

Elvis mwizi tu. Tupite.

Dereva wa Usiku

Nitapita haraka, lakini si kwa sababu hiyo. Sam Phillips alifungua studio yake 706 Union Avenue Januari 1950, na kwa miaka minne karibu kila alichokifanya cha maana kilikuwa cha watu weusi: B.B. King, Howlin' Wolf, Rufus Thomas, Junior Parker. Machi 1951 wakaja Ike Turner na wenzake, amplifaya yao imeharibika njiani, spika imepasuka. Phillips akasokota karatasi akaiziba, ikatoa mlio wa kukoroma, akaupenda, akaurekodi hivyo hivyo. Hiyo ni "Rocket 88". Lakini kanda nyingi za wakati ule aliziuza kwa kampuni za nje, hasa Chess ya Chicago, na Wolf mwenyewe akafuata huko. Julai 1954 ndipo Elvis, miaka 19, akaimba wimbo wa Arthur Crudup. Mwaka uliofuata mkataba wake ukauzwa kwa RCA kwa dola 35,000.

Mwizi? Mimi simwiti hivyo, na najua nitatukanwa. Crudup alifariki mwaka 1974 bila kuona mrabaha wa maana, akiwa amefanya vibarua vya shambani. Pesa ile ilikwama kwa wenye mikataba ya uchapishaji tangu kabla Elvis hajafungua mdomo. Elvis alifaidi, hilo halina ubishi.

Mjukuu wa Kericho

Niongeze ya nyumbani Kenya. Kabla ya Elvis kulikuwa na mzungu mwingine mwenye blues, Jimmie Rodgers wa Mississippi. Mwaka 1930 alirekodi wimbo unaomweka mtu kwenye pembe ya Beale na Main huko Memphis, tarumbeta imepigwa na Louis Armstrong mwenyewe. Sasa santuri za huyu Rodgers zilifika kwetu Kipsigis na gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Wasichana wakasikia ile sauti, wakaamua huyu si mtu kamili, ni nusu mtu nusu swara. Wakamtungia wimbo, jina lake wakalitamka Chemirocha. Mtafiti wa muziki, Hugh Tracey, aliwarekodi Kapkatet mwaka 1950. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933, hakujua lolote. Guka wangu... hapana, kwetu tunasema kuugo, alikuwa akiuimba akichunga.

Fundi Redio

Mjukuu, umetuua. Huu uzi ubandikwe juu.

Dereva wa Usiku

Nimeusoma huo mara tatu, nimeshindwa hata kunywa kahawa.

Sasa Stax. Mwaka 1957 karani wa benki mzungu, Jim Stewart, anayepiga fidla usiku, anaanzisha kampuni ndogo ya kurekodi. Dada yake, Estelle Axton, anaiweka nyumba yake rehani ili kununua mashine. Mwaka 1960 wanakodi jumba la sinema lililofungwa, mtaa wa McLemore, kusini mwa mji, mtaa ambao wazungu walikuwa wanahama na weusi wanahamia. Viti waling'oa, sakafu ya mteremko wakaiacha kwa kukosa pesa ya kuisawazisha. Kuta hazikutazamana sawasawa, sauti ikawa inazunguka kwa namna ambayo hakuna studio nyingine iliyoweza kuiiga. Pale pa kuuzia bisi, Estelle akafungua duka la santuri. Watoto wa mtaa wanakuja kununua, yeye anawauliza, hii umeipendea nini? Majibu anayapeleka nyuma ya pazia. Baadhi ya watoto wenyewe wakaingia nyuma ya pazia: Booker T. Jones alikuwa na miaka 17 walipotengeneza "Green Onions" mwaka 1962. Weusi na wazungu chumba kimoja, wakati mji ule hawakuweza kukaa meza moja ya hoteli.

Mwaka huo huo wa 1962 akaja mpiga gitaa kutoka Georgia na dereva wake. Dereva kabeba vyombo kutoka kwenye gari, kakaa pembeni siku nzima. Kipindi cha yule mpiga gitaa hakikwenda vizuri, muda umebaki, dereva akaomba naye ajaribu. Otis Redding. Nikisimulia hiki kisa kwenye vituo vya malori, madereva wote wanakaa kimya.

Na Albert King, aliyewahi kuendesha buldoza, jitu la mkono wa kushoto linaloshika gitaa limegeuzwa juu chini, alirekodi humo blues yake bora, 1967, nyuma yake ile bendi ya Booker T. Sikilizeni anavyouvuta uzi, hadi unadhani utakatika.

Halafu kila kitu kikaanguka ndani ya miezi michache. Tarehe 10 Desemba 1967 ndege ya Otis ilitumbukia ziwani Wisconsin, pamoja na vijana wa bendi yake, Bar-Kays, wengine ndiyo kwanza wametoka sekondari. Februari 1968 wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya gari la taka, mtambo ukajiwasha, ukawaponda. Wenzao 1,300 wakagoma. Martin Luther King akaja kuwaunga mkono, tarehe 4 Aprili akauawa kwenye roshani ya Lorraine Motel, mahali ambapo watu wa Stax walikuwa wanakwenda kuogelea na kutunga nyimbo, kwa kuwa palikuwa pa watu wote. Kumbukeni Furry Lewis alikuwa mfagiaji wa manispaa hiyo hiyo.

Na katikati ya msiba ule, karatasi. Stax ilikuwa ikisambaza santuri kupitia Atlantic ya New York. Atlantic ikauzwa. Stewart akaenda kusoma mkataba aliousaini miaka ya nyuma bila kuuchungulia vizuri, akakuta kanda zote walizosambaziwa, Otis na wengine, ni mali ya Atlantic. Walijaribu kuanza upya, wakapanda tena na Isaac Hayes, lakini Desemba 1975 wakafilisiwa. Jumba likabomolewa 1989. Lililopo sasa ni la kuigiza, makumbusho yaliyofunguliwa 2003, ila sakafu wameiinamisha vile vile.

Binti Ngamiani

Na Beale yenyewe? Maana umeanza nayo.

Dereva wa Usiku

Beale nayo, mwaka 1966 ilitangazwa urithi wa taifa. Kisha serikali ya mji ikaingia na mpango wa kuboresha, ikanunua majengo, ikavunja nyumba za watu pande zote mbili. Mtaa ukabaki kama jino moja. Ukafunguliwa tena 1983, kwa watalii. Jana nilisimama mbele ya jengo moja la ghorofa, madirisha mazuri, nakshi za kizamani. Nikazunguka kando. Hakuna jengo. Ni ukuta wa mbele peke yake, umeegemezwa nyuma kwa mihimili ya chuma. Nimepiga picha, nitaiweka nikipata mtandao mzuri.

Sisemi muziki umekufa. Yule mzee wa ndoo alipiga kitu saa tano usiku, watalii wameshapungua, ambacho sitakisahau. Hakuangalia mtu.

Kasuku Mweusi

Ulimwuliza jina?

Dereva wa Usiku

...Sikumuuliza. Nimeona hapa hapa ulipoandika.

Mwanakwerekwe

Kama Handy na yule wa stesheni.

Dereva wa Usiku

Naam. Simu imeita, mzigo tayari, naelekea Little Rock. Si mbali na hapa, karibu na barabara ya 40, kuna kimji kinaitwa Edmondson, Albert King amezikwa huko. Siku zote nimepita kasi. Narudi Memphis Alhamisi, ile baa nitaingia mapema.